Bamba la Shaba Mezani Pangu

Jumatatu, 3 Machi

Amekata waya kwa mkasi wangu! Waya! Mkasi ambao hata karatasi haujawahi kuonja. Marehemu baba wa wanangu alikuwa akiuomba kwa adabu kama anayepeleka posa, na bado nikamnyima. Leo natoka kununua chaki, narudi, namkuta Nyuki kaukamata juu ya meza yangu ya kukatia, anachuna waya kama anamenya muwa.

Nimepiga kelele mpaka jirani kachungulia. Nyuki kasema: Bibi, nimekata kidogo tu. Kidogo! Nikauinua mkasi kwenye mwanga. Pengo. Dogo, ndiyo, lakini hata mtu aliyeng'oka jino moja anaitwa kibogoyo na wenzake.

Naandika huku nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu nikifungua mdomo tena humu ndani mtu atalia, na binti yangu kasema kachoka kubembeleza watu. Basi nigombane na karatasi. Karatasi hainuni.

Na niyaweke mambo yote, ili siku nikisoma nijue nilikuwa na haki.

Nyuki ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu tangu akiwa mgongoni alikuwa halii, anavuma. Sasa ni mwanamke mzima na bado anavuma, ila siku hizi anavumia kwenye sanduku. Sanduku lenyewe ni kama la safari, likifunguliwa unakuta vipande vya chuma vimepangwa, vitundu, vitaa, na nyaya za rangi rangi zinatoka tundu hili zinaingia tundu lile. Linatoa muziki. Sinthesaiza, anasema, ya kujipangia mwenyewe kipande kwa kipande. Mimi nasema ni matumbo ya kitu.

Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili ukumbi mpya unafunguliwa, na yeye ndiye atakayepiga. Mimi nimepewa pazia la jukwaa. Mahameli, rangi ya damu ya mzee. Mimi nakata, binti yangu anashona, ndivyo tulivyo tangu akiwa msichana. Kazi kubwa kama hii sijawahi kupewa, na walikuja kuniomba wenyewe, hawakwenda kwa yule fundi wa barabara kuu mwenye kibao cha taa. Mahameli haina kurudia. Ukikosea, kosa lako linafunguliwa na kufungwa mbele za watu miaka yote.

Na meza ni moja tu. Imejaa nyaya.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeelewa ile takataka mezani ni nini. Sanduku limebakiza nafasi moja tupu. Hapo anatakiwa aweke kidhibiti — kitu cha kushika kwa mkono wakati anapiga, sauti ifuate mkono. Bila hicho, kasema, anaonekana kama mtu anayetengeneza friji mbele ya watu. Hapo nimemwelewa. Basi kaazima vidhibiti vya watu, kavipanga kwangu kama nyanya sokoni, na hajui achukue kipi. Rafiki yake anayetengeneza redio, huyu ninayemwita Miwani, kaja kumsaidia kutojua.

Shikamoo Bibi, kasema Miwani. Marahaba, nikamjibu, kiwiko chako kimelalia rula yangu.

Nimekaa nikawatazama. Kuna kinanda kidogo cha kitoto. Nyuki kasema hapana, kinanda kina ngazi, na yeye hataki ngazi, anataka mteremko. Kuna vibonyezo vya mpira: unapiga, kinalia, basi. Kuna kijiti kinachoyumba pande zote kama gia ya gari. Kizuri, lakini ukikiachia kinarudi katikati chenyewe, na sauti inarudi nacho kama mbwa aliyeitwa. Kuna utepe mrefu unapitisha kidole juu yake. Na kuna kibamba cha shaba, bapa, hakina kitufe wala alama, kama kitu kilichodondoka kwenye gari bovu. Hiki cha nini? Unagusa tu, Bibi. Ukikandamiza sauti inakua, ukilegeza inapungua. Akagusa. Ikatoka sauti iliyonyooka, kavu. Hata yeye kakunja uso. Kimekufa hiki, kasema, kakisukuma pembeni.

Nikawaambia chukueni pedeli. Mimi nimeshona kwa pedeli kabla mama yake Nyuki hajazaliwa, mguu ni kitu cha kuaminika, hauna maringo kama mkono. Miwani akasema pedeli waliyo nayo ni ya kuwasha na kuzima tu. Nikasema: ileteni. Wakaiweka sakafuni. Nyuki akakanyaga, ikawaka, akakanyaga, ikazima, mara ya tatu mguu ukanasa kwenye waya na sanduku zima likataka kuja chini. Miwani kalidaka kwa tumbo.

Binti yangu kule kwenye cherehani kacheka mpaka akasimamisha mashine. Mama, na pedeli yako! Sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 6 Machi

Mtu ukifanya wema humu ndani unatukanwa.

Nyuki alitoka asubuhi. Sanduku kaliacha wazi mezani, nyaya zimefumana kama nywele za mtu aliyeamka. Mimi nahitaji meza. Nikachomoa nyaya zote, moja moja, kwa upole kabisa. Nikazinyoosha. Nikazipanga kwa rangi, nyekundu na nyekundu, njano na njano, nikazikunja kila moja kama ninavyokunja utepe wa kupimia, nikazifunga kwa uzi. Sanduku nikalipangusa vumbi kwa brashi. Lilikuwa linapendeza! Nikaliweka kando na nikanywa chai yangu kwa amani.

Kaja. Kasimama mlangoni. Hakupiga kelele, ndilo lililoniudhi, kakaa tu sakafuni pale pale na mkoba begani.

Kumbe ule mfumano ndio wimbo wenyewe! Nani angejua? Kumbe kila waya ulikuwa mahali pake, na kitu hiki hakikumbuki, ukichomoa umefuta. Wiki nyingi za kazi, anasema. Nikamwambia: wimbo gani huo hauwezi kustahimili usafi? Wimbo gani haukai kichwani? Akasema: Bibi, nikichanganya vipande vyako vyote ulivyokata, mikono na migongo na kola za watu wote, halafu nikuambie nimevipanga kwa rangi, utafanyaje?

Ningemuua, ndilo jibu.

Binti yangu kasema: Mama, mwombe radhi mtoto. Nimwombe radhi kwa kupangusa vumbi? Kwenye nyumba yangu? Nimekwenda kulala njaa kwa hiari yangu. Hawakuja kunibembeleza.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianze wapi. Mkono umejaa hasira na penseli imevunjika mara mbili.

Nyuki anazirudisha nyaya, kaanza upya. Miwani yupo. Binti yangu anashona mashati ya wahudumu wa hoteli. Mimi nimekaa nao kwa sababu, kasema mama yake, ni wajibu wangu nisaidie kurudisha nilichoharibu. Sawa. Kila nilipoambiwa nipe nyekundu, nikatoa nyekundu, na iliwafaa kwamba zimepangwa kwa rangi, lakini hakuna aliyesema.

Kisha Nyuki akawa anahitaji mkono wa tatu. Kasema: Bibi, weka kidole kwenye hiki kibamba, usikitoe, nataka sauti ikae wakati naunganisha huku. Lowesha kidole kwanza kidogo, kinapenda unyevu. Nikachovya kwenye kikombe cha maji, nikaweka kidole cha kulia juu ya shaba.

Sauti ikatoka inatetemeka.

Si kidogo. Ilijaa chumba. Kama mtu anaimba huku kaficha kilio kifuani. Ikawa inapanda na kushuka, na kushuka, na kushuka, na mimi nimekaa kama jiwe, sijasogeza hata nywele! Cherehani ikanyamaza. Nikajua bila kugeuka kwamba binti yangu ananitazama.

Nikasema: sanduku lenu bovu. Miwani, mtoto wa watu, hana akili ya kunyamaza, akasema ngoja niangalie. Akaweka kidole chake. Sauti ikanyooka kama rula. Nyuki akaweka chake. Imenyooka. Akasema: hebu tena, Bibi. Nikaweka. Tena ile ile.

Siwezi kubishana na chuma. Nikasema nimekunywa chai kali, nikaondoka.

Miaka miwili nimeuficha mkono huu. Kikombe nabeba kwa miwili. Sindano namwambia binti yangu atunge uzi, macho yangu mabaya, wakati macho yangu yanaona mpaka kesho. Kwenye sherehe napeana mikono haraka kabla mtu hajahisi. Watu wote nimewaweza. Leo kipande cha shaba, kisicho na mdomo, kimenisema mbele ya mtengeneza redio!

Jumamosi, 8 Machi

Nimepeleka mkasi kwa mnoaji. Pengo limekwisha. Kaujaribu kwenye kitambaa cha shati lake mwenyewe, ukapita. Kasema: mama, mkasi huu hauna deni na mtu.

Nikarudi, nikafunga mlango, nikakata kitambaa cha majaribio kwa kufuata chaki, mkato ukayumba.

Mkasi hauna kosa.

Jumatatu, 10 Machi

Mahameli imekuja. Wanaume wawili wameileta begani kama maiti. Nimeikunjua pembe moja nikaipapasa. Ukienda hivi ni nyeusi, ukirudi ni nyekundu. Kitambaa cha heshima. Nimewakusanya wote nikawapa sheria: hakuna chai chumbani, hakuna mafuta, na hakuna mtu kugusa mahameli kwa mkono wenye maji. Tone moja likikauka limeacha kovu. Nimepigilia msumari mlangoni mwa jikoni na nimetundika taulo. Unafuta mikono, ndiyo unaingia. Miwani kauliza, hata mimi? Hasa wewe.

Kisha binti yangu kakohoa. Namjua akikohoa hivyo. Mama, kasema, hii nikate mimi.

Nikasema wewe ushone. Akasema: Mama, tumesikia wote ile siku. Nikasema mlichosikia ni chai. Akasema twende hospitali basi tukaulize. Nikasema siendi kuuliza habari za mkono wangu kwa mtu anayevaa koti lililokatwa vibaya. Akainamisha kichwa. Akaendelea na mashati.

Nitakata Ijumaa. Nimesema. Mimi.

Jumanne, 11 Machi

Mungu wangu. Nilikuwa natafuta kitambaa cha kujaribia. Nikamwaga kiroba cha mabaki.

Mtu anayekata anajua mabaki yake kama anavyojua sauti ya wanawe. Mabaki yangu ni makubwa, yana umbo — kwapa, shingo, pembe tatu. Lakini chini ya kiroba kuna vipande vyembamba, virefu, vimesokotana. Vingi. Hivyo si vyangu. Hivyo ni vya mtu anayekata juu ya mkato wa mtu mwingine. Anayenyoosha.

Nikavishika kwenye mwanga. Vya kijani, zile sare za wauguzi tulizomaliza mwaka jana. Vya bluu. Vya zamani, vina vumbi. Kabla ya waya, kabla ya pengo, kabla ya sanduku kuletwa humu.

Nimemwekea binti yangu rundo hilo kwenye cherehani, juu ya kazi yake. Hakujifanya haelewi, hilo nampa. Kasema: mabega yalikuwa yanakataa kukutana, Mama.

Nikamwambia: ungeniambia!

Akaniangalia. Akasema: nikuambie wewe?

Basi. Hivyo tu. Nikuambie wewe. Kama vile mimi ni mbwa mkali amefungwa getini. Miaka yote hii ninapita mtaani nimeinua kidevu, watu wananiambia mama unakata vizuri, kumbe nasifiwa kazi ya siri ya mtoto wangu! Nimemwambia ni mwongo. Nimemwambia ni mnafiki, ananichekea nyuma ya cherehani. Nimemwambia mengine siyaandiki. Akalia. Sikubembeleza. Hasira yangu ilikuwa inanitikisa mwili mzima, kwa hiyo angalau leo mkono ulikuwa na wenzake.

Jumatano, 12 Machi

Sisemi na mtu. Nimekwenda kwa jirani, nikakaa huko hata sijui alikuwa anasimulia nini. Narudi, nafika uani, nasikia mkono wangu.

Nasema kweli. Kupitia ukutani. Ile sauti. Mimi niko nje na mfuko wa vitunguu, na mkono wangu uko ndani unaimba! Mtu anaujua mkono wake hata akiusikia kwa masikio. Nikaingia kama moto. Nyuki na Miwani wamekaa wamefumba macho. Wamenirekodi. Ile Ijumaa walinirekodi, na wanaisikiliza tena na tena, wanatikisa vichwa kama wanaonja mchuzi.

Nimechomoa waya wa spika mpaka ukuta umelia.

Nyuki kasema, Bibi, nilisahau kuzima. Usinidanganye. Kasema, sawa, sikusahau. Nikamwambia: ugonjwa wa mtu si wimbo. Unarekodi bibi yako anavyoharibika, halafu unafumba macho? Ningekuwa nakohoa ungenitia ngoma?

Akasimama. Huyu mtoto akisimama ana kidevu changu, kinaniudhi sana. Akasema — naandika alivyosema, ili nimkasirikie vizuri — Bibi, nimejaribu vyote. Kijiti, utepe, mpira, vyote. Ninaamua kitu na kinatoka kile kile nilichoamua, hakuna zaidi. Hiki kibamba kwangu kimekufa. Kwako kiko hai. Nimekichagua hiki, na nataka ukipige wewe. Ukumbini. Na mimi.

Nipande jukwaani nikatetemeke! Mbele ya watu niliowapima viuno! Hana haya, wala haogopi.

Miwani naye akatia mdomo. Kama Bibi hapendi kuonekana, akae nyuma ya pazia, waya ni mrefu.

Nyuma ya pazia. Mimi. Nilimwambia mimi sijifichi nyuma ya pazia nililolikata mwenyewe, na ashike miwani yake aende. Kaenda. Kasahau kiatu kimoja mlangoni, kaogopa kurudi kukichukua.

Pazia lenyewe halijakatwa.

Alhamisi, 13 Machi

Mchana wametoka wote. Nyuki kaenda ukumbini kuwasikilizisha wenye ukumbi kwa kile kijiti cha gia, maana mimi nimekataa. Mama yake kapeleka mashati.

Nilikuwa nafagia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilikuwa nafagia. Sanduku lilikuwa linawaka. Kibamba kimelala pale na waya wake. Nikakiambia: mmbea wewe.

Nikalowesha kidole cha kushoto, nikaweka. Sauti imenyooka. Kidole cha kulia. Ile ile, inatetemeka. Nilitaka nikisukume chini kivunjike. Nikakikandamiza kwa hasira yangu yote — na mtetemo ukawa mdogo. Ukabana. Sauti ikanenepa, ikawa nzito, na ule mtetemo ukawa ndani kabisa, kama jungu linakaribia kuchemka. Nikalegeza. Ukapanuka, ukawa mpana, unayumba chumba kizima. Nikakandamiza. Ukarudi. Nikalegeza polepole, ukafuata polepole.

Unanisikiliza!

Mkono huu! Ambao kwenye mkasi haunisikilizi, kwenye sindano haunisikilizi, kwenye kikombe ananicheka shetani. Hapa nikiuambia punguza, unapunguza. Nilikaa. Sijui muda gani. Ufagio ulianguka, nikauacha.

Nimekasirika zaidi kuliko jana. Ningekuta upumbavu mtupu ningelala vizuri. Mbona pa kutii ni hapa, kwenye midude ya watoto, na si kwenye kazi niliyoifanya maisha yangu yote?

Nyuki karudi jioni, kachoka. Wamesema nini ukumbini? Wamesema vizuri. Vizuri tu? Ndiyo Bibi, vizuri tu. Katazama bamba, katazama ufagio sakafuni, katazama mimi. Nikamwambia anaangalia nini, aokote ufagio.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya kukata.

Meza imepanguswa. Mahameli imelazwa, manyoya yote yanatazama upande mmoja. Mstari nimeuchora mwenyewe, rula nimeibana kwa kushoto na tumbo. Umenyooka, ajitokeze mtu aseme haukunyooka. Sanduku nimelifukuza mezani, liko juu ya kigoda karibu na dirisha. Bamba la shaba lipo ndani ya ile nafasi iliyokuwa tupu. Nyuki kakaza skrubu zote. Vidhibiti vingine kavirudisha kwa wenyewe, hata kile kijiti. Nikamuuliza: na nikikataa? Kasema: utakuwa umekataa, Bibi, lakini nimeshachagua.

Binti yangu kasimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma. Hatujasemezana vizuri tangu Jumanne. Ningependa aseme kitu nimkemee.

Nikaanza. Kwa mkasi wangu, kwa mkono wangu. Mahameli ikikatwa hailii kama pamba, inashusha pumzi. Nikakata. Nikakata. Nikainua ukingo wakauona wote — safi! Nikaendelea. Nilikuwa nakaribia katikati niliposikia mtetemo unakuja. Haujafika, unakuja, kama mtu anapanda ngazi na wewe uko chumbani. Nikaona ncha ya mkasi inaanza kutafuta njia. Nikasimama.

Sikukosea! Niliandike hili kwa nguvu. Nilisimama kabla. Upande niliokata hauna kosa hata la kucha, na hakuna mtu atakayekuja kuunyoosha nyuma yangu.

Mkasi nimeuacha pale pale ndani ya kitambaa, mdomo wazi. Nikasema naenda kunywa maji, na mtu asiguse.

Niko jikoni. Daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni.

Huko ndani sasa sanduku linalia. Sauti moja, nyembamba, imenyooka. Nyuki kaweka kidole chake, anaishikilia tu, haiendi popote. Mtoto mjinga. Anajua ninaisikia.

Binti yangu kaita: Mama. Nikasema nini. Kasema: mkasi nifanyeje? Nikamwambia usiguse! Kisha, sijui kimenitoka wapi, nikamwambia kwa sauti kutoka huku: kisu cha chini kitambae mezani, usikiinue. Usitazame ncha, tazama chaki iliyo mbele ya ncha. Na usikimbie, hufukuzwi. Akasema, sawa Mama.

Hajaanza. Najua sauti ya mkasi wangu, hajaanza. Ananingoja.

Nilichota maji. Kikombe kikatikisika, yakanimwagikia vidoleni. Vya kulia. Mpaka kwenye daftari, karatasi inalowa hapa ninapoandika. Mahameli haitaki maji, shaba inayapenda. Taulo liko msumarini, hapa hapa, nikinyoosha mkono nalifikia.

Sasa wanaita wote wawili. Mama! Bibi!

Nasikia! Mimi si kiziwi.

Taulo nalitazama. Sijalichukua.